MREJESHO: Ile turbo ya Subaru imeuzika (Mbeya)

Wakuu, niliwauliza kama turbo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) modeli ya TD04 niliyoitoa kwenye Subaru Forester niiuze nzima au niichinje vipande. Nimeichinja. Jamaa wa Iringa kachukua hausingi ya egzosi (ganda la upande wa moshi), ya kwake ina ufa. Wesigeti (vali ya kuzuia presha ya turbo isizidi) imeuzika hapa hapa Mwanjelwa. Katriji (kiini cha kati chenye shafti na feni) ndiyo ilisumbua. Mteja wa Uyole alikuja na tochi, akashika shafti kwa vidole viwili: inazunguka laini, lakini akiisukuma juu chini, feni inagusa ukuta. Kucheza kidogo ni kawaida, kugusa sio. Nikamuuzia kwa bei ya kwenda kufufua, si ya kufunga. Na aliyenishauri niipulizie rangi kwanza, hapana mkuu, hawa watu wanachungulia oili ndani. Geji ya busti (ya kupimia presha ya turbo) bado ipo, anayepanda mlima Kitonga na Subaru anicheki.