Nywele ndefu siku ya usaili: tupeane uzoefu, wewe ulizifanyaje?

Habari za jioni wapendwa. Mdogo wangu ameitwa usaili wa uhasibu Dodoma, nafasi ya serikalini. Nywele zake ni za asili, nyingi, akizivuta zinapita mabega. Nyumbani kila mtu ana lake: mama anataka zipigwe pasi, shangazi anasema avae wigi, yeye anataka kwenda na afro yake. Naomba waliokaa kwenye kiti wenyewe waseme walichofanya.

Naanza na langu. Usaili wa kazi niliyonayo sasa nilisuka twende kilioni kwa nywele zangu mwenyewe, bila rasta, ncha nikazibana kisogoni kwa vibanio vyeusi. Nilisuka Alhamisi, usaili ukawa Jumatatu. Hizo siku za katikati ndizo muhimu. Msuko wa jana unavuta ngozi, paji la uso linang'aa, vipele vinatoka pembeni, na usingizi haupo. Unaingia kujibu maswali huku kichwa kinagonga.

Mama Wawili, Dar es Salaam
Dada, mimi nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi. Karatasi yangu ya alama haijawahi kuwa na sehemu ya nywele. Lakini msailiwa akizirudisha nywele nyuma ya sikio kila akianza sentensi, macho yanamfuata mkono na jibu linapotea. Mwambie mdogo wako akae mbele ya kioo, ainame kama anayesaini fomu, kisha ainue kichwa haraka. Kikianguka chochote usoni, mtindo huo haufai siku hiyo. Afro ikichanwa vizuri ikashikwa na kitambaa chembamba haina shida yoyote, nimeona wengi wakipendeza nayo. Na kwa kuwa ni utumishi wa umma, asome waraka wa mavazi wa mwaka 2007. Wengi hawajui hata kama upo.

Muuguzi wa Mwanza
Angalieni na aina ya usaili. Sisi wa afya tuna wa mchujo, wa vitendo na wa mahojiano. Kwenye vitendo unainama juu ya kitanda, unavaa glovu, ukishazivaa huwezi tena kugusa kichwa. Kwa hiyo nywele zisiguse kola, zisining'inie. Nilikwenda na rasta ndefu nimezikunja fundo moja kubwa juu, likaanza kulegea katikati ya kazi. Mwenzangu alisuka mistari midogo akaibana chini kabisa, hakuhangaika. Tangu hapo fundo langu nalifunga chini.

Bint Pwani, Tanga
Sisi wa hijabu tusisahauliwe jamani! Nywele nyingi zikifungwa fundo, hijabu inateleza kurudi nyuma na unaivuta mbele muda wote. Nasuka mistari bapa, navaa kofia ya pamba chini, ndipo hijabu. Inatulia mpaka jioni.

Msanifu, Nairobi
Mimi ni mwanamume mwenye dredi zinazofika kifuani. Nilisokota upya mizizi siku chache kabla, nikaosha, nikazifunga nyuma kwa kamba nyeusi, shati likapigwa pasi sawasawa. Kampuni ya kwanza niliulizwa: "Tukikuajiri utazinyoa?" Nikajibu kwa heshima kwamba nitazifunga kila siku ila sitazinyoa. Sikupata, na bado inaniuma, kwa sababu maswali ya kazi nilikuwa nimeyajibu vizuri. Kampuni iliyonichukua baadaye haikugusia kabisa. Watu hunitajia uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya wa 2019 uliomrudisha shuleni msichana Mrasta aliyekuwa amefukuzwa kwa sababu ya dredi. Ule ulihusu mwanafunzi na imani yake. Sisi watafuta kazi tusiuchukue kama ngao kamili.

Mdau wa Houston
Huku Marekani jambo hili limefika hadi bungeni. Chastity Jones aliahidiwa kazi Alabama mwaka 2010, akanyang'anywa kwa kukataa kukata dredi, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ikaamua kwa faida ya mwajiri. California ndiyo ilitangulia kupitisha sheria ya CROWN, inayokataza kumbagua mtu kwa nywele zake za asili au mtindo kama dredi, mwaka 2019, na hapa Texas sheria kama hiyo inatumika tangu 1 Septemba 2023. Mimi usaili wangu wa hospitali nilikwenda na nywele za kusokota mbilimbili, nimezibana nyuma. Kabla ya sheria hiyo nilikuwa naazima wigi la rafiki, na akili yangu yote ilikuwa kama limekaa sawa. Shangazi asimvishe binti wigi ambalo hajawahi kukaa nalo kutwa nzima.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nimemsomea yote. Wigi limetoka. Pasi pia imetoka, maana Dodoma akitoka jasho au mvua ikimpiga njiani zitarudi zilivyokuwa. Amechagua twende kilioni, fundo chini, asuke mapema. Sasa hofu yangu ni msusi: nywele zake za mbele zilishakatika kwa kukazwa. Mlioko Dodoma, nani anajua msusi mwenye mkono mwepesi, ambaye ukimwambia "unaniumiza" analegeza? Niandikieni mtaa tu, tutamtafuta.