Subaru ya tabo haiwaki injini ikiwa moto

Mkaazi wa Likoni:
Asalaam aleikum, ndugu zangu. Subaru Forester yangu ya 1999, yenye tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), huwaka vizuri asubuhi, lakini nikiizima katika foleni ya feri na kuiwasha baada ya dakika 10, stata huzunguka kwa nguvu bila injini kushika mpaka nikanyage mafuta, kisha hutoka moshi mweusi. Nimeshauriwa kubadilisha pampu ya petroli. Je, ni sawa?

Fundi, Changamwe:
Wa aleikum salaam. Tafadhali usinunue pampu. Dalili hizo ni za petroli kuzidi, si kupungua. Injini ikiwa imepoa, chomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye regyuleta ya presha ya petroli, yaani kifaa kinachodhibiti presha hiyo: ukiukuta umelowa petroli, kiwambo cha ndani kimepasuka na injini inainyonya petroli hiyo moja kwa moja. Ukiwa mkavu, funga geji ya kupimia presha ya petroli. Presha ikianguka upesi baada ya kuzima, huenda injekta, yaani kifaa kinachonyunyiza petroli kwenye injini, inavuja.

Abu Salim, Kisauni:
Naongezea sensa ya joto la maji, ambayo ikiiambia kompyuta kwamba injini ni baridi ilhali ni moto, petroli humwagwa kupita kiasi. Kagua na soketi yake, kwa sababu chumvi ya hewa yetu ya pwani huzila nyaya.

Mkaazi wa Likoni:
Ahsanteni sana. Mpira umelowa.

Fundi, Changamwe:
Basi badilisha regyuleta pamoja na oili, kwani petroli iliyopenya huifanya nyepesi, na beringi za tabo huitegemea oili hiyohiyo.