Ushauri: nitamtambuaje mjamzito aliye hatarini kupata sonona baada ya kujifungua?

Mhudumu_wa_Kaya
Wakuu, habari za jioni. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa undani. Vihatarishi vya sonona (ugonjwa wa huzuni kali inayodumu) baada ya kujifungua nimevisoma, ila orodha ni ndefu na haisemi kipi kizito. Tuchukue wajawazito watatu. Wa kwanza ana miaka 17, mimba haikupangwa, na mwanaume aliyempa mimba kaikana. Wa pili ana miaka 29, ana mume, nyumba imetulia, lakini miaka mitatu nyuma alitibiwa sonona, na dawa kaziacha mwenyewe alipojua ana mimba. Wa tatu, mtoto wake wa kwanza alifariki akiwa na siku mbili. Sasa ana mapacha, wiki ya 30. Naanza na nani, niulize nini, na lini nimpeleke hospitali?

Nesi_Afya_ya_Akili
Anza na wa pili, tena wiki hii. Ndiye anayeonekana salama kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo husahaulika. Vihatarishi vizito zaidi ni mama kuwahi kuugua sonona au wasiwasi uliopitiliza, na kuwa na dalili hizo sasa hivi, mimba ikiwa bado tumboni. Sonona nyingi zinazogunduliwa baada ya kujifungua zilikuwapo kabla, hakuna aliyeuliza. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), katika nchi zinazoendelea wajawazito karibu 16 katika kila 100 wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20.

Usimwambie arudie dawa, wala usimpongeze kwa kuziacha. Mpeleke kwa daktari akiwa na pakiti au cheti cha zamani, kwa sababu dawa zinatofautiana sana. Kwa mfano valproeti, ambayo hutumika pia kwa kifafa, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo asije akajirudishia kimyakimya.

Kabla hamjaondoka muulize jambo moja ambalo wengi hulisahau: amewahi kupitisha siku kadhaa bila kulala na bado ana nguvu tele, maneno mengi, mipango mikubwa, fedha zinamwagika? Na je, mama yake au dada yake aliwahi kupata kichaa cha uzazi, yaani kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua? Akijibu ndiyo, daktari lazima ajue mapema, maana hatari yake si sonona peke yake.

Mkunga_wa_Zamu
Nakubaliana na Nesi kuhusu wa pili, ila huyu wa miaka 17 asisubiri mwezi ujao. Umri mdogo una uzito wake, lakini kinachomwelemea zaidi ni kukosa mtu wa kumshika mkono, kukosa fedha, na mara nyingi kupigwa au kutukanwa nyumbani. Ukatili ni kihatarishi kikubwa na hautajwi mbele za watu. Tafuta namna ya kubaki naye peke yake, hata kama ni kumsindikiza kisimani, kisha uliza waziwazi: "Kuna mtu nyumbani anayekupiga au unayemwogopa?" Jibu lake usiliandike kwenye kadi inayokaa nyumbani. Akitaka msaada, pitieni kwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi, ila aamue yeye. Kumlazimisha kunaweza kumletea kipigo kingine.

Kuhusu maswali: ukimuuliza mwanamke "una huzuni?" atakujibu hapana. Atakwambia ana mawazo, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Anzia hapohapo. "Mwezi huu mawazo yamekuzidi siku nyingi? Vitu ulivyokuwa unavifurahia bado vina ladha?" Baada ya kujifungua ongeza hili: "Mtoto akilala na mtu akamshika, wewe usingizi unakuja?" Uchovu wa kunyonyesha humlaza mtu mara moja. Anayekodoa macho darini huku mtoto kalala, huyo mfuatilie.

Na usichanganye. Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 huwapata wamama wengi na huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yakivuka wiki mbili, au yakimzuia kula, kuoga na kumhudumia mtoto, hayo si ya kusubiri.

Mhudumu_wa_Kaya
Asanteni sana. Na yule wa mapacha? Halafu kile kipimo cha Edinburgh, yale maswali ya kupima dalili za sonona kwa mama, naweza kukitumia nyumbani?

Mkunga_wa_Zamu
Wa mapacha yuko kwenye njia mbili za hatari. Ana msiba ambao huenda hakuruhusiwa kuulia. Wengi huambiwa "utapata mwingine" na mambo yakaishia hapo. Muulize mtoto yule alikuwa na jina gani. Pia mapacha mara nyingi huzaliwa njiti. Mama akilala wodi moja na watoto wakawa chumba kingine, hofu ya mara ya kwanza inarudi yote. Panga sasa nani atakuwa naye hospitali, na aelezwe mapema kuhusu kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi.

Tena si kila mnyong'onyevu ana sonona. Aliyetokwa na damu nyingi apimwe wingi wa damu. Anayechoka kupita kiasi, moyo unadunda, uzito unabadilika bila sababu, daktari afikirie tezi la shingo, ambalo linaweza kuvurugika miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kidonda kinachouma na mkojo unaovuja navyo humvunja mama, na vyote vina tiba.

Takwimu_na_Vipimo
Kipimo cha Edinburgh kilitoka mwaka 1987. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Kinakosewa kwenye kujumlisha: maswali ya 1, 2 na 4 yanahesabiwa kutoka juu kwenda chini 0, 1, 2, 3, lakini la 3 na yote kuanzia la 5 yanageuzwa, jibu la juu kabisa ndilo lenye 3. Ukilisahau hilo, mgonjwa ataonekana mzima.

Alama 13 kwenda juu, mpeleke akachunguzwe. Kati ya 10 na 12, rudia baada ya wiki mbili. Swali la 10 ni la mawazo ya kujidhuru. Likipata chochote kisicho 0, jumla haina maana tena, mshughulikie siku hiyohiyo. Asiyejua kusoma msomee faraghani, bila kumtafsiria swali kwa maneno yako. Mama mkwe akiwepo majibu yote yatakuwa mazuri.

Nesi_Afya_ya_Akili
Naongeza kuhusu muda. Arobaini ikiisha, bibi aliyekuja kulea anarudi kwao, na siku ya 42 kliniki nayo inamaliza mahudhurio ya mama. Misaada miwili inakatika wiki moja, ilhali sonona inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Tumia siku za chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, na mwezi wa 9. Mtoto akichomwa sindano, mama aulizwe maswali yale yale.

Kwa mume wa yule wa pili, mpe kazi inayohesabika: mama apate saa 4 au 5 za usingizi mfululizo kila usiku. Anyonyeshe, kisha mtu mwingine ambeue mtoto, ambadilishe, amlaze.

Dawa_na_Dozi
Kuhusu dawa na kunyonyesha: sertralini, dawa ya sonona, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo kuachisha ziwa si lazima. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 4. Wengi huacha wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi. Akipona aendelee angalau miezi 6, na kuacha iwe kwa kupunguza taratibu chini ya daktari. Amitriptilini, nayo dawa ya sonona, ikizidishwa inaua, kwa hiyo asipewe ya mwezi mzima kama kuna wasiwasi wa kujidhuru. Diazepamu ya duka la dawa, ile ya kutuliza na kuleta usingizi, haitibu sonona, na humfanya mtoto anayenyonya alegee na kusinzia.

Mhudumu_wa_Kaya
La mwisho: ipi ni dharura ya usiku uleule?

Nesi_Afya_ya_Akili
Kichaa cha uzazi. Humpata mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na hubadilika kwa saa. Halali kabisa, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au katumwa, anachanganyikiwa, kisha asubuhi anaonekana mzima na familia inaahirisha safari. Msiahirishe. Wanaotaka kumwombea waombe wakiwa njiani kwenda hospitali. Mtoto aende pamoja naye, akiwa mikononi mwa ndugu mwingine, na mama asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kwenda kuita bodaboda.