Watu 24, mifuko minane

Kikundi: NYUMBA YA BIBI, LIKONI
Jumatatu, baada ya Isha

Shangazi Mwanakombo: Assalam aleikum jamaa. Mchango wa macho ya Bibi umefika 29,500. Twatafuta 38,000 na miadi ya kutolewa mtoto wa jicho ni Alhamisi. Waliotoa ni wanane. Majina siyataji, mwajijua.

Bakari: Waaleikum salaam shangazi. Mimi kazi sina, mwajua.

Ami Salim: Ukoo huu ni watu 24, nimewahesabu leo baada ya Alfajiri. Yaani wanane wabeba kumi na sita. Kila mmoja na wawili mgongoni. Nani ataweza?

Zuhura: Shikamoo ami. Hiyo hesabu yako ina jina, yaitwa uwiano wa utegemezi. Ila umeifanya kwa njia yako, sisi watu wa takwimu hatuulizi nani katoa.

Ami Salim: Marahaba. Mwauliza nini basi, bi karani wa sensa?

Zuhura: Umri tu. Walio chini ya miaka 15 na waliofika 65 twawaweka upande mmoja. Wa 15 hadi 64 upande wa pili. Halafu: kwa kila watu 100 wa upande wa pili, wale wengine ni wangapi?

Zuhura: Sisi tuna watoto 7 chini ya 15. Wazee 3: Bibi, wewe, na Mzee Hamadi. Hao 10. Waliobaki ni 14. Kumi kwa kumi na nne ni kama 71 kwa kila 100.

Shangazi Mwanakombo: Mzee Hamadi yupi? Huyu mume wangu? Ana miaka 71, katoka baharini sasa hivi, yuko uani apaa samaki. Na katoa elfu nne. Leo kawa tegemezi?

Zuhura: Si mimi shangazi, ni hesabu 😂

Bakari: Na mimi uko wapi upande wangu?

Zuhura: Una miaka 24. Wewe ni mbebaji.

Bakari: Mbebaji!! Hata hii intaneti ninayoandikia kaninunulia Ami Salim

Ami Salim: Na hujasema ahsante.

Mama Asha: Mimi je? Maana hao watoto saba, watano hushinda kwangu. Naamka saa kumi na moja kuwapikia mahamri.

Zuhura: Kwa umri wewe ni mbebaji, mama Asha. Kwa mshahara huonekani popote. Ndio kasoro yake. Kati ya wale 14 wetu, wanne wanasoma, watatu hawana kazi, na wewe. Wenye kipato ni sita. Wengine wawili waliotoa mchango ni ami na pensheni yake, na Mzee Hamadi na mashua yake, ambao mimi nimewaweka na watoto.

Mama Asha: Hata Bibi mwenyewe. Zile elfu mbili zake za mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, nikikwambia nusu yaishia kwa daftari za hawa watoto utakataa.

Ami Salim: Mwaka 1979 ndio nimeanza kufundisha, nina miaka 22. Nyumba ile ile, vyumba vitatu. Babu yenu, Bibi, mimi, na marehemu dada Fatuma aliyekuwa na 18. Chini yetu wadogo zangu sita, hakuna aliyefika 15. Na nyanya yetu mzaa baba, umri wake haukuandikwa mahali lakini vita vya kwanza vya Mjerumani alivikumbuka, alikuwa akitusimulia wanaume walivyochukuliwa kubeba mizigo. Fanya hesabu yako hapo.

Zuhura: Wanne wa kubeba, saba wa kubebwa. 175 kwa kila 100.

Ami Salim: Ndio. Mshahara wa kwanza sikuuona. Uliishia kwa sare.

Shangazi Mwanakombo: Mimi nilikuwa mmoja wa hao sita. Sare yangu ilikuwa ya Fatuma, ikakatwa, ikakunjwa, ikashonwa tena. Mfuko wa kifua ukaangukia kiunoni.

Zuhura: Na nyumba hiyo wala haikuwa ya ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto 8 kwa wastani. Watoto waliokuwa wakifa wachanga walikuwa wameanza kupona kwa chanjo na dawa, na uzazi bado uko pale pale. Sensa ya 1979, karibu nusu ya wananchi walikuwa chini ya miaka 15. Uwiano wa nchi ulipita 100.

Zuhura: Baadaye uzazi ukaanza kushuka. Sensa ya 2009 uwiano ulikuwa kama 87. Ya 2019, ile niliyozunguka na tableti usiku wa tarehe 24 Agosti nikafukuzwa na mbwa, kama 75. Na utafiti wa 2022 ukapata mwanamke azaa 3.4.

Bakari: Kwa hivyo mzigo wapungua? Mbona mimi siusikii kupungua

Zuhura: Kwa sababu uwiano umeshuka nyinyi mlipotimiza miaka 15. Haukungoja mpate kazi. Wale wa elimu ya msingi ya bure ya 2003 na waliowafuata, waliokaa sakafuni darasani, ndio sasa wamehamia upande wa wabebaji. Kwa karatasi.

Bakari: Basi niandikieni barua ya kazi kwa hiyo karatasi

Rukia: Salaam kutoka Ujerumani. Nimetoka zamu sasa hivi, miguu yaniuma. Huku ni kinyume chenu. Wodi yangu wote ni wazee, mgonjwa wa miaka 70 twamwita kijana. Na aliyezaliwa 1964 au baadaye, pensheni yake ya kawaida yangoja miaka 67.

Shangazi Mwanakombo: Kumbe ndio maana wakakutaka.

Ami Salim: Ngoja kidogo. Maziwa yake, sare zake, karo ya uuguzi, yote yametoka Likoni. Alipofika umri wa kubeba, akaenda kumbeba Mjerumani?

Rukia: Ami, kwenye hiyo 29,500 elfu kumi ni zangu 🙂

Ami Salim: Nimenyamaza.

Zuhura: Japani ndio ya kuangalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uwiano wao ulikuwa chini ya 45. Watoto wachache, wazee bado wachache, watu wa kazi tele. Leo uko karibu 70.

Bakari: Si hapo hapo na sisi?

Zuhura: Hapo hapo. Ila wao ni wazee, sisi ni watoto. Kwa hivyo mtu akikutajia nambari moja tu, muulize ndani yake mna nani. Mtoto wa miaka 10 akivumiliwa miaka mitano ahama upande. Mzee wa 80 hahami.

Mama Asha: Ahama upande, kama Bakari.

Bakari: Mama Asha jamani

Ami Salim: Na nyumba hii baada ya miaka 20?

Zuhura: Hao watoto saba wote watakuwa upande wa kubeba. Kati ya sisi 14, watano watakuwa wamefika 65, shangazi akiwa wa kwanza. Watakaozaliwa siwezi kuwahesabu, Bakari hata posa hajapeleka.

Shangazi Mwanakombo: Kwa hivyo natafuta mweka hazina wa kunirithi. Lakini kabla ya miaka 20 kuna Alhamisi. Nani ampeleka Bibi? Ferini ni foleni, na lazima awe hospitali saa moja asubuhi bila kula.

Bakari: Mimi nitampeleka. Nitamshika mkono mpaka ndani na nitamngoja.

Shangazi Mwanakombo: Umeandikwa. Usilale ukatuaibisha.

Bakari: Na nimetuma mia mbili. Nisihesabiwe na watoto.

Shangazi Mwanakombo: Imeingia, Mungu akuzidishie. Bado 8,300.