Krimu ya kuchovya isiyohitaji oveni: tupeane uzoefu, wana Nyanda za Juu Kusini

Mpishi wa Uyole

Kamwene wana Iringa na Njombe, mugonile wana Rungwe na Kyela. Wengine wote, habari za huko.

Desemba imekaribia na ratiba zimejaa: kuvunja vikoba, ubarikio, Krismasi, ndugu wa Dar wanapanda na watoto wao. Kwenye shughuli hizi chakula hakinisumbui, pilau ipo, nyama ipo, ndizi zipo. Kinachonihangaisha kila mwaka ni kile kitamu cha mwisho, kwa sababu wengi wetu hatuna oveni, na keki ya kuagiza ya watu hamsini inamaliza hela ya nyama. Ndiyo maana nimeipenda krimu ya kuchovya: bakuli katikati ya sinia, pembeni matunda na biskuti, kila mtu anachovya na kuendelea na stori. Naomba kila aliyewahi kuitengeneza aeleze alivyofanya na ilivyomtokea. Naanza mimi.

Mara ya kwanza ilikuwa ubarikio wa binti wa dada yangu. Nilichukua mtindi kama ulivyotoka kwenye ndoo, nikatia sukari, nikaponda na ndizi mbivu, nikauona umetulia. Watu walipomaliza kula, bakuli lilikuwa limegeuka uji mwepesi, maji yamesimama juu. Watoto wakachovya biskuti, ikawachuruzikia kwenye nguo nyeupe. Niliumia sana, maana dada aliniamini.

Shangazi ndiye aliyenivuta pembeni: "Mwanangu, ungeuchuja kwanza." Hayo tu. Wiki iliyofuata nikafanya. Kitambaa cha pamba kilichochemshwa unakitandika juu ya chujio, unamimina mtindi, unafunga ncha nne kama furushi, unalining'iniza kwenye msumari na sufuria chini. Jioni matone yanakimbizana. Usiku ukiamka unasikia moja, kimya, halafu jingine. Maji yanayotoka yana rangi kati ya njano na kijani. Asubuhi ukifungua furushi unakuta donge jeupe limechapwa alama za nyuzi za kitambaa, na ukichomeka kijiko kinasimama. Lita 3 zilinipa kilo moja na kidogo. Wengi huona ni hasara, lakini kilichotoka ni maji, na maji ndiyo yaliyoniharibia siku ile.

Kwenye hilo donge natia nusu kopo ya maziwa mazito matamu, vanila kidogo na ganda la limau lililokwaruzwa. Nakoroga kwa mwiko, taratibu. Usitumie mashine, ukiupiga sana unalegea tena. Saa 2 kwenye friji, basi. Ukikosa maziwa ya kopo, saga sukari kwenye blenda iwe unga, maana chembe za sukari zinasikika ulimini.

Na maziwa ya mfugaji yachemshwe kabla ya kugandishwa. Hapo tunalisha watoto wa watu.

Karibuni.

Mwana Rungwe

Ndaga fijo kwa kufungua uzi huu. Sisi Tukuyu tuna parachichi, na mimi mtindi nauacha kabisa.

Parachichi 4 zilizoiva, kopo moja ya maziwa mazito, ndimu 2. Unaponda kwa uma, unachuja nyuzi, unakoroga. Ukitia ndimu utaona kitu: maziwa ya kopo yanajikaza yenyewe dakika hiyohiyo, kwa sababu ile asidi inagandisha protini ya maziwa. Kijiko kinakuwa kizito mkononi. Tumia hizi Hass zenye ganda la mabaka linaloiva jeusi. Parachichi kubwa za kienyeji ni tamu kwa chumvi na ugali, ila kwa krimu zina maji mengi. Wanunuzi wa nje wanakataa zile zenye mikwaruzo kwenye ganda, na hizo ndizo nanunua sokoni kwa bei nafuu. Ndani hazina tofauti yoyote.

Kasoro yake ni kubadilika rangi. Krismasi moja nilitengeneza asubuhi, tukaenda kanisani, tumerudi imekuwa na ngozi ya kahawia. Mama mkwe hakuigusa, na hakusema neno. Siku hizi nalaza karatasi ya nailoni ikigusana na krimu yenyewe, si juu ya mdomo wa bakuli, maana hewa ndiyo inayoichafua. Na natengeneza tukishatoka ibadani, kazi ni dakika kumi.

Joto la Kyela

Ninyi wa milimani mnaongea kwa raha. Huku ziwani Desemba ni moto mtupu.

Nilitaka kufanya ile ya krimu ya keki inayopigwa mpaka ifure. Nikainunua Mbeya mjini, nikapanda nayo Coaster, ikashuka na mimi mteremko wote huo kwenye mfuko wa kawaida. Nyumbani nikaanza kuipiga. Ikakataa kufura. Nikaongeza kasi. Ghafla ikakatika, nikabaki na vipande vya siagi vinaogelea kwenye maji. Nilikuwa nimealika wifi zangu watatu na hela ilikuwa ya mkopo wa kikoba. Nililia, sifichi.

Baadaye fundi wa keki akanieleza. Mafuta ya ile krimu yakiwa ya baridi hushikana kidogokidogo na kuzuia hewa ndani, ndipo inafura. Yakipata joto yanalainika, yanaungana yote, na hapo umetengeneza siagi. Krimu iwe ya baridi, bakuli liwe la baridi, hata zile nyaya za kupigia zikae kwenye friji nusu saa.

Kwa huku nimeamua kutumia kitu chetu, kakao. Nakaanga mbegu kavu kwenye sufuria kwa moto mdogo mpaka ganda lianze kupasuka na nyumba nzima inukie, namenya, natwanga kwenye kinu, kisha nasaga kwenye blenda na maziwa mazito na chumvi chembe. Inakuwa nyeusi na nzito, na ndizi mbivu ya huku ikichovywa humo, mgeni hasahau. Bakuli naliketisha ndani ya beseni la barafu. Yenye mtindi ikikaa mezani zaidi ya saa moja kwa joto hili naitoa. Huko kwenu saa mbili sawa.

Mpishi wa Uyole

Dada wa Kyela, pole sana, na asante. Hiyo kakao nakuja kuitafuta mwenyewe.

Baridi ya Makambako

Mimi sina friji na nimefanya krimu ya mtindi zaidi ya mara kumi. Mwezi wa sita na wa saba chumba changu cha nyuma ni friji tosha, asubuhi unakuta majani yana barafu nje. Desemba siyo hivyo, kwa hiyo nachuja usiku, nachanganya saa moja kabla ya wageni, na bakuli linasimama kwenye beseni la maji ya kisima.

Nataka niseme kuhusu matunda, maana wengi wanakosea hapo. Stroberi usizikatekate na kuzitia ndani. Sukari inazinyonya maji, krimu inageuka ya waridi na kulegea. Ziache nzima na vikonyo vyake, kikonyo ndicho mtu anashikia. Matufaha na mapeasi ya Njombe yakate mwisho kabisa, yapakaze ndimu. Matunda damu mimi nayachemsha na sukari mpaka yawe kama jemu, yakipoa nayamwagia juu ya krimu nyeupe. Ule wekundu kwenye weupe, watu wanatoa simu kabla hawajaonja.

Mama Wawili, Iringa

Naomba msaada. Niliweka nanasi, krimu ikawa chungu baada ya muda mfupi. Nikadhani mtindi ulikuwa mbovu, nikarudi kumgombeza aliyeniuzia.

Joto la Kyela

Muombe radhi, mama. Nanasi lisilopikwa, na papai pia, yana vimeng'enya vinavyovunja protini za maziwa, uchungu unatokea hapo. Lichemshe vipande dakika chache, lipoe, halafu tumia. La kopo halina shida kwa sababu limeshapikwa.

Mama Wawili, Iringa

Nimekwenda jioni hii. Amenipa nusu lita bure, nimeona aibu.

Mhudumu wa Shughuli

La kwangu ni fupi. Krimu ya siagi ya karanga ni tamu na rahisi, lakini kwenye send-off moja niliyohudumia mtoto alilamba kidole tu, midomo ikavimba, akakimbizwa hospitali. Alipona, Mungu ni mwema. Tangu siku ile yenye karanga naiweka meza yake, na kikaratasi kilichoandikwa kwa herufi kubwa, na kijiko chake hakihami.

Mwana Rungwe

Hilo ni kubwa. Mimi nilikuwa nanyunyizia karanga juu kwa urembo. Naacha.

Baridi ya Makambako

Na yale maji ya mtindi msimwage. Kandia maandazi badala ya maji ya kawaida, yanakuwa laini mpaka kesho yake.

Mpishi wa Uyole

Sikuwahi kujua, nimemwaga ndoo nzima miaka yote hii. Jumamosi tunavunja kikoba, tuko 32. Ijumaa jioni nachuja lita 10 kwenye mafurushi mawili, nanasi nalichemsha, karanga sitii, na maji ya mtindi nakandia maandazi ya chai ya saa nne. Jumapili naleta mrejesho hapahapa na picha.