Baba Mdogo Kapanda Meli

IJUMAA

Baba Mdogo: Wanaukoo, hamjambo. Natangaza rasmi: kesho naingia kwenye meli ya kitalii. Siku saba. Msiniulize.

Shangazi: Wewe?? Wewe uliyeziita meli hizo "hoteli iliyokata kamba"? 😂

Baba Mdogo: Bado naziita hivyo.

Mama Mdogo: Jamani ni zamu yangu kuchagua. Miaka kumi na moja namfuata huyu milimani na begi mgongoni, nalala kwenye hema jiwe likinichoma ubavuni. Mwaka huu nataka kitanda kinachotandikwa na mtu mwingine.

Neema: Mama Mdogo hoyeee

Baba Mdogo: Sikukataa. Nimesema sitaki tu, hayo ni mambo mawili. Na naandika hapa mapema nitakavyovichukia, nisije nikajidanganya baadaye. Umati. Kutapika. Na zaidi ya yote zile siku za katikati ya bahari, watu elfu tatu ndani ya boksi na hakuna pa kwenda. Kitakachoniokoa ni bandari. Tunafunga gati mara tatu, huko nitashuka nitembee kama mtu mwenye akili zake.

Idi: Shikamoo Baba Mdogo. Chumba chenu kiko wapi melini?

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Sitaha ya tatu, katikati, ndani. Hakina dirisha. Ndicho kilichokuwa rahisi kuliko vyote.

Idi: Basi umebahatika bila kujua. Ukipanda ule ubao wa pembea wa watoto, anayerushwa ni aliyekaa ncha, wa katikati hana habari. Wenzako waliolipia vyumba vya juu kabisa kule mbele ndio watakaoyumba. Halafu meli hizo zina mapezi chini ya maji, kila upande, yanapunguza kulala ubavu. Ila omo, yaani ncha ya mbele ya meli, ikianza kupanda na kushuka mawimbi, mapezi hayasaidii.

Shangazi: Baharia wetu ameanza darasa

Idi: Ukisikia kizunguzungu usijifungie chumbani. Sikio linauambia ubongo tunayumba, macho yanauambia ukuta umetulia, ubongo hujui umwamini nani. Toka nje utazame pale bahari inapokutana na mbingu. Na mikono ioshe kwa maji na sabuni. Ile dawa ya kupaka wanayoweka mlangoni mwa ukumbi wa chakula haiwezi vizuri norovirusi, na hicho ndicho kirusi cha kuharisha kinachopenda meli.

Mama: Yarabi, kuharisha huko bila dirisha

JUMAMOSI

Baba Mdogo: Tumefanya zoezi la dharura. Milio saba mifupi, mmoja mrefu. Nimesimama chini ya mashua ya kuokolea pamoja na bwana mmoja wa kaptura ya maua anayepiga picha miguu yake. Nadhani ni mimi peke yangu niliyesikiliza.

Idi: Umefanya la maana. Zamani sheria iliruhusu zoezi lingoje hadi saa 24 baada ya abiria kupanda. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba Januari 2012 ilikuwa na mamia ya watu waliopanda siku ileile, hata zoezi hawajalifanya. Walikufa 32. Tangu 2015 lazima lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya kuondoka.

Shangazi: Idi!! Huo ndio ujumbe wa kumtumia mtu usiku wake wa kwanza?

Baba Mdogo: Mwache. Wengine wote humu ndani wananipa ratiba ya michezo.

Mama Mdogo: Amelala saa tatu. Mimi naenda kwenye muziki 💃

JUMAPILI

Baba Mdogo: (Mama mdogo wenu amelipia intaneti ya setilaiti, ndiyo maana mnanipata.) Usiku nimeamka sijui kama ni saa saba au saa mbili asubuhi. Giza la chumba kisicho na dirisha ni jingine. Nimepapasa ukuta, nikadhani ndiyo nimeshatangulia mbele ya haki.

Neema: 😂😂😂 sina mbavu

Idi: Washa televisheni, tafuta chaneli ya kamera ya mbele ya meli. Zima sauti, iache iwake usiku kucha. Nje kukipambazuka, na chumbani kutapambazuka.

Mama Mdogo: Mnaongelea dirisha, mimi nina kesi. Ametundika kibao cha "usisumbue" mlangoni tangu jana. Eti anamwonea huruma kijana wa usafi. Sasa hatuna taulo kavu hata moja.

Baba Mdogo: Nimemkuta ukumbini saa moja asubuhi. Nimemkuta tena saa tatu usiku, anatabasamu vilevile. Mtu gani huyo?

Idi: Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia unataka apumzike si chini ya saa 10 katika kila 24, na saa hizo zinaweza kukatwa vipande viwili. Ndiyo maana unamwona huku na huku. Lakini kumfungia mlango hakumpunguzii kitu, atabaki akijiuliza amekukosea nini. Muulize jina lake. Mwachie bakshishi.

Mama Mdogo: Umesikia?

Baba Mdogo: Nimekitoa.

JUMATATU

Shangazi: Leo wanafunga gati. Leo mtu wetu atafurahi.

Neema: Atakuwa ameshapotelea vichochoroni huko

Shangazi: Mbona kimya hadi sasa?

Baba Mdogo: Nimerudi. Nina hasira. Foleni ya kushuka, karibu saa nzima. Nashuka nakuta meli nyingine mbili ubavuni mwetu. Mji wote umekuwa sisi. Kila nikikata kona kutafuta mahali patulivu, namkuta wa kaptura ya maua. Meli inaondoka saa kumi na moja, mwisho wa kupanda saa kumi na nusu, na ukichelewa katika matembezi yako mwenyewe hungojewi. Wanaongojewa ni waliolipia ziara ya meli. Basi nimetembea jicho moja kwenye saa. Nimeingia mahali pazuri sana nikakaa dakika nane. NANE. Nilizihesabu.

Mama Mdogo: Waambie na habari ya wale waliokimbia

Baba Mdogo: Mume na mke. Tuko juu, daraja la kupandia meli linakaribia kuondolewa, mara hao, wanakuja mbio gatini, mke viatu mkononi. Sitaha nzima inawapigia makofi na miluzi. Waliwahi. Watu walicheka sana. Mimi nilitaka kulia.

Neema: Sasa wafikirie wenyeji wanaoshushiwa umati huo kila siku. Venice walipiga kelele miaka na miaka, mpaka Italia ikakataza meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko. Agosti 2021 hiyo.

Baba Mdogo: Ningekuwa mwenyeji ningezima taa nijifanye sipo.

Mama: Kwa hiyo zimebaki bandari mbili

Baba Mdogo: Usinikumbushe, shemeji.

JUMATANO

Baba Mdogo: Nina jambo la kukiri. Mama mdogo wenu asilisome.

Mama Mdogo: Nalisoma.

Baba Mdogo: Leo ni siku ya baharini, ile niliyoiita kifungo. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, simu nimeiacha chumbani, nikaenda hadi tezini, nyuma kabisa ya meli. Hakuna mtu. Yupo bwana mmoja tu wa kazi anafuta umande kwenye viti, kiti baada ya kiti, nikahisi naharibu kazi yake nikakaa sakafuni. Nyuma ya meli maji yanabaki meupe, njia pana kabisa, halafu mbali kule inajifuta kama haikuwahi kupitwa. Nimekaa saa tatu. Hakuna kilele cha kufika. Hakuna hema la kuwahi kusimamisha kabla ya mvua. Milimani mimi huamka nikipiga hesabu tumechelewa kiasi gani. Kumbe ratiba niliyokuwa nikiikimbia ilikuwa begini mwangu.

Mama Mdogo: Miaka kumi na moja nimeibeba mimi hiyo ratiba.

Shangazi: 🔥🔥 Leo umejibiwa

Baba Mdogo: Ila kufika saa nne, wakaanza kutangaza kwenye vipaza sauti. Mashindano ya sijui nini. Nikarudi chumbani kwenye dirisha langu la televisheni.

ALHAMISI

Baba Mdogo: Idi, uko? Alfajiri, kabla ya bandari ya pili, imekuja boti ndogo ikajibana ubavuni mwetu, zote mbili ziko mwendoni. Kimlango kikafunguka karibu na maji, ikashushwa ngazi ya kamba. Mtu yuko kwenye boti, boti inapanda, inashuka, yeye anatazama tu. Kisha akashika ngazi akapanda kama anapanda darini kwake. Nilishika reli mpaka vidole vikauma.

Idi: Rubani wa bandari huyo. Nahodha anaijua meli yake, rubani anaijua miamba na mikondo ya pale. Hungoja boti ifike juu ya wimbi ndipo ahamie ngazini. Akihama boti ikiwa chini, wimbi linalofuata litaileta imponde miguu.

Baba Mdogo: Haya ndiyo mambo ya kuonyesha watu. Hakuna hata tangazo moja.

Shangazi: Leo umeshuka?

Baba Mdogo: Sikushuka. Wote wameshuka. Bwawa tupu, viti vitupu, lifti inakuja ukibonyeza mara moja.

Mama Mdogo: Nimeshuka peke yangu, nimekaa mahali pamoja mchana kutwa bila mtu wa kunihimiza. Nimemshukuru Mungu.

Baba Mdogo: Hivi nani aliwaza biashara hii?

Idi: Anayetajwa sana ni Mjerumani Albert Ballin. Majira ya baridi abiria wa kuvuka Atlantiki ya Kaskazini walikuwa wachache, meli zinakaa bure. Mwaka 1891 akaituma meli ya Augusta Victoria kwenda Mediterania na watu wanaotaka kutembea tu.

Baba Mdogo: Kwa hiyo mimi ni mzigo wa kujazia nafasi.

JUMAPILI

Shangazi: Mmefika salama? Haya, tunataka hukumu.

Baba Mdogo: Umati: upo, ila unalala mpaka saa tatu. Kutapika: ni usiku mmoja tu, na hakuwa mimi.

Mama Mdogo: Tulikubaliana hilo halisemwi.

Baba Mdogo: Bandari, zilizokuwa ziniokoe, sizitaki tena. Siku za bahari ningeongezewa nyingine nne. Idi, swali. Meli za mizigo huchukua abiria?

Idi: Zipo, siku hizi chache. Haiwezi kuzidisha abiria 12, wakizidi hapo inahesabiwa meli ya abiria na masharti yake yote.

Baba Mdogo: Muziki?

Idi: Hakuna.

Baba Mdogo: Vipaza sauti? Ziara?

Idi: Hakuna. Bandarini unangoja makontena yashushwe. Unatazama kreni.

Baba Mdogo: Mwakani zamu ni ya nani?

Mama Mdogo: Idi, usimjibu huyu.

Baba Mdogo: Nipigie pembeni.

Mama Mdogo: Nimesoma.