Naomba ushauri: jeni ya lysC nimeibadilisha, lisini haipandi

Habari zenu wakuu. Niko kwenye utafiti wa uzamili, nahangaika na Corynebacterium glutamicum, yule bakteria aliyegunduliwa Japani miaka ya 1950 na ambaye hadi leo hutumika kutengeneza lisini (asidi amino) ya chakula cha kuku na nguruwe.

Kimeng'enya chake cha aspartokinase, kinachoanzisha njia ya kutengeneza lisini, hujifunga breki lisini na threonini (asidi amino nyingine ya njia hiyo) zikijaa pamoja ndani ya seli. Nimeweka badiliko la T311I (threonini ya nafasi ya 311 kuwa isoleusini) kwenye lysC, jeni ya kimeng'enya hicho, ili breki ilegee. Nimesoma mfuatano wa DNA, badiliko lipo. Wanaota vizuri hata penye AEC, ile molekuli inayojifanya lisini na kufunga breki hiyo, kwa hiyo breki nadhani imelegea kweli. Ila lisini kwenye mchuzi (ndivyo tunavyoita maabara kimiminika cha kuoteshea bakteria, msicheke) imepanda kidogo tu, ikagota. Nimeongeza glukosi na salfeti ya amonia, nikaweka chokaa kuzuia asidi. Wapi!

Sasa, nifuatie kubadilisha jeni ya pyc (badiliko la P458S) ili oksaloasetati, malighafi ya lisini, iongezeke, au jeni ya hom (V59A) kubana njia ya threonini? Na je, huenda shida ni hewa tu kwenye chupa zangu za kutikisa? Naomba mnijibu kabla sijaagiza praima nyingine (vipande vya DNA vya kuwekea badiliko).